Njia ya Kuingilia Nyumbani

Mtu akijenga nyumba hufikiri kwanza habari za msingi, kuta na mabati. Njia ya kutoka mlangoni hadi barabarani huiacha iwe ya mwisho, akisema moyoni, "Hiyo itajitengeneza yenyewe." Ndani ya kijiji ni kweli. Watoto hupita, mbuzi hupita, na baada ya mwaka mmoja njia ipo. Lakini kando ya barabara kuu sivyo. Hapo njia haijitengenezi, tena mtu akiitengeneza kama apendavyo yeye, aweza kuwaua watu ambao hajapata kuwaona.

Naandika haya kwa kuwa watu wengi siku hizi wanahamia karibu na lami, na vijana wetu wananunua pikapu na bajaji. Wasomaji kadhaa wa kigango chetu wameniuliza jinsi tulivyopata ruhusa ya kuunganisha nyumba yetu na barabara kuu. Nitawaeleza yote, pamoja na jambo moja ambalo hawakuniuliza, yaani habari ya jirani, maana bila jirani ruhusa hiyo isingalipatikana.

Sisi tunakaa kati ya Makambako na Mbeya, katika ile barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia. Wazee wa huku wanaikumbuka tangu ilipokuwa ya udongo. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia iliona taabu kubwa ya kupata mafuta kwa njia ya kusini. Ndipo malori yalipoanza kuyapitisha huku kwetu, katika vumbi wakati wa kiangazi na katika tope wakati wa mvua, hata watu wakaiita njia ya jehanamu. Miaka iliyofuata ikawekwa lami. Leo malori ya Zambia na ya Kongo yanapita usiku na mchana, yakishusha shaba na kupandisha mafuta na bidhaa, na kati yao hupita mabasi, motokaa ndogo, pikipiki na watoto wa shule.

Nyumba yetu iko mita 45 kutoka katikati ya barabara hiyo. Tuliijenga huko nyuma kwa sababu ya sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu na barabara za mikoa kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande ukipima tangu katikati. Zamani ilikuwa mita 45, yaani 22 na nusu kila upande. Wengi wamejifunza hesabu hiyo kwa uchungu, walipoona alama ya X imepakwa rangi ukutani mwao. Basi, kati ya lami na kiwanja chetu pana kipande cha ardhi kisicho chetu, hata kama tunakipita kila siku. Njia yo yote ya kuingilia nyumbani lazima ikate kipande hicho, tena ivuke mtaro wa maji. Ndiyo sababu mtu hawezi kuchukua jembe na kusema, "Nachimba kwangu." Hachimbi kwake.

Miaka mingi hatukuona shida. Tulikuwa tumelaza mbao mbili juu ya mtaro, tukavuka kwa miguu. Lakini mwaka 2021 mama watoto alianza kuumwa nyonga, na kila mwezi ikampasa kwenda hospitali. Mwanetu ana pikapu, naye humpeleka. Shida ilikuwa pale pa kupandia. Pikapu ilisimama ukingoni mwa lami, magurudumu mawili ndani na mawili nje, nasi tukambeba mama katika kiti juu ya zile mbao mbili. Lori la tani 30 likipita karibu yako, upepo wake hukusukuma kama mkono wa mtu. Mvua ikinyesha, mbao huteleza. Siku moja basi lilikuja mbio, likapiga honi, na mwanangu akaruka mtaroni ili asigongwe na kioo cha pembeni. Mama alikuwa amekaa katika kiti, ng'ambo ya mtaro, anatazama yote. Jioni ile alisema, "Bora nikae nyumbani niumwe, kuliko kumzika mtoto kwa ajili ya mguu wangu." Tangu siku hiyo nilijua ya kwamba motokaa lazima ifike mlangoni.

Mtu akiwa na haja, washauri hawakosekani. Wa kwanza alikuwa fundi mmoja wa jirani. Alisema, "Mwalimu, nunua vifusi lori mbili, mwaga mtaroni usiku, asubuhi una njia. Nani atauliza?" Wa pili alikuwa mmoja wa wale tunaowaita vishoka. Alisema yeye anawajua wakubwa, nimpe fedha naye ataniletea barua yenye mhuri kwa juma moja. Sikumfuata ye yote wa hao. Barua ya kishoka haina mizizi. Siku wapimaji wakija, mwenye barua hubomolewa, na kishoka haonekani. Na habari ya vifusi niliijua kwa macho yangu.

Chini kidogo ya kwetu, mtu mmoja mwenye kuuza mbao alijaza mtaro kwa mawe na udongo apate kuingiza malori yake. Kiangazi chote njia yake ilikuwa nzuri. Mwezi wa Machi mvua kubwa ikanyesha. Maji ya mtaro yakafika pale, yakakuta ukuta, yakapanda juu ya lami na kuvuka barabara. Maji hayo hayakuharibu siku moja. Yaliingia chini ya lami taratibu, yakailainisha changarawe inayobeba barabara, na malori yakamaliza kazi. Ukingo ukakatika, pakawa na shimo refu kama jembe na mpini wake. Usiku mmoja kijana wa bodaboda aliliingia, akavunjika mguu mahali pawili. Yule mwenye mbao alikuwa amelala kitandani mwake, wala hakujua lo lote. Hata leo sidhani kama anaona ya kwamba mguu ule na vifusi vile ni habari moja.

Basi nikaandika barua. Hapa yafaa nieleze, maana wengi hukosea pa kupeleka. Barabara kuu na barabara za mikoa ziko mikononi mwa TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaani ziko mikononi mwa TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Ukipeleka barua ya barabara ya kijiji kwa wenye barabara kuu, utapoteza miezi. Uliza kwanza kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, barabara yako ni ya nani. Mimi niliandika Juni 2022, nikaambatisha barua ya Mtendaji, nakala ya hati yetu ya kimila ya ardhi, na mchoro niliouchora mwenyewe kwa rula: barabara, mtaro, nyumba, mwembe, na mahali nilipopenda njia ipite. Nilipapenda hapo kwa kuwa panaelekea mlango wetu moja kwa moja.

Wapimaji walikuja mwezi wa Agosti, kijana mmoja mwenye koti la rangi ya machungwa na msaidizi wake. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo mzee," akautazama mchoro, akausifu. Kisha akafanya jambo nililoliona la ajabu. Hakupima mtaro kwanza. Alichuchumaa ukingoni mwa barabara pale nilipopenda njia itokee, hata macho yake yakawa sawa na macho ya mtu aliyekaa ndani ya motokaa ndogo. Msaidizi akashika gurudumu la kupimia, akapanda barabara kuelekea Makambako, mahali penye kilima. Alikwenda, akaenda, mara akatoweka. Kilima kilikuwa kimemmeza. Gurudumu lilisema mita 70.

"Mzee," akaniambia, "hapa siwezi kukupa." Nikamwuliza sababu. Naye, badala ya kunisomea kifungu cha sheria, akachukua kijiti akaandika hesabu katika vumbi. Kwa kuwa nimefundisha hesabu miaka mingi, niliifuata vizuri.

Lori liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika sekunde moja. Kwa hiyo mita 70 ni sekunde tatu na kitu. Dereva akitokea juu ya kilima na kuona pikapu mbele yake, hahitaji breki tu. Kwanza lazima aone, atambue, kisha mguu utoke mahali ulipo uende kwenye breki. Wahandisi huhesabu sekunde mbili na nusu kwa jambo hilo. Katika sekunde hizo lori limekwisha kwenda mita 55, na bado halijaanza kupunguza mwendo. Mita 15 zinazobaki hazilitoshi lori lililojaa mzigo kusimama. Na wewe unayetoka nyumbani, ukiwa na mgonjwa na magunia, huwezi kutoka ukiwa umesimama, ukapinda, ukaingia barabarani na kushika mwendo kwa sekunde tatu. "Kwa hiyo," akasema, "nikiweka sahihi hapa, nimeandika ajali, ila tarehe sijaandika."

Sikuwa na neno la kumjibu. Mama watoto, ambaye alikuwa amekaa barazani na fimbo yake, ndiye aliyeuliza: "Mwanangu, sasa mimi nitapita wapi?"

Kijana akashuka pamoja na msaidizi wake kuelekea upande wa Mbeya, akachuchumaa tena na tena. Mwisho akapiga kigingi ardhini. Kutoka pale msaidizi alionekana hata alipofika mita 210 juu ya kilima, na upande wa chini aliona mbali zaidi. Mita 210 ni sekunde tisa na zaidi. Dereva anaweza kuona, kufikiri na kusimama. Naye atokaye nyumbani anaweza kungoja, kutazama na kuingia kwa salama. Lakini kigingi kile kilikuwa kimesimama juu ya mpaka wetu na jirani. Tena alisema, kati ya nyumba zetu mbili hawawezi kutoa njia mbili, maana kila mdomo unaofunguliwa barabarani ni mahali pengine pa kugongana. Njia iwe moja, kwa nyumba mbili. Na ua wa minyaa wa jirani, ulioelekea barabarani, upunguzwe uwe chini ya magoti, maana ulikuwa ukificha upande wa kilima.

Wasomaji wangu, hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa ngumu. Mimi na jirani huyo tulikuwa hatujasemezana miaka miwili. Palikuwa na shauri la mpaka. Baraza la ardhi la kijiji lilikuwa limeliamua, na mawe ya mpaka yakawekwa, lakini maneno yaliyosemwa siku zile hayana baraza la kuyaamua. Tulikutana kisimani na kanisani, tukatazama chini. Sasa ofisi inatuambia tushike njia moja. Nilikaa siku tatu na kile kigingi, nikikitazama kutoka dirishani.

Siku ya nne, kabla jua halijakuwa kali, mama watoto alichukua fimbo yake akaondoka. Sikumtuma. Kutoka mlangoni mwetu hadi kwa jirani ni hatua kama mia. Yeye alikwenda kwa muda wa robo saa. Mimi nilimfuata nyuma, maana sikuweza kukaa.

Jirani alimwona akija, akatoka na kiti. "Karibu, shemeji. Pole na mguu."

"Nimeshapoa," akasema, "ila sina njia. Nimekuja kuomba njia."

Akamweleza habari ya kilima na zile sekunde tatu, tena kwa maneno mazuri kuliko ya kwangu. Jirani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akaniona nimesimama karibu na ua wake, akasema, "Mwalimu, unaujua ua huu niliupanda lini? Niliupanda mwaka ule wa maneno yetu, nisiwaone mkipita. Kumbe umekuwa ukizuia kuona malori." Akanyamaza kidogo. "Na mimi pia nina mjukuu anayevuka hapa kwenda shule."

Jioni ile ile alianza kuukata kwa panga, na mwanangu akaenda kumsaidia. Utomvu wa minyaa ni hatari kwa macho, kwa hiyo walifanya kazi polepole, wamejifunga vitambaa. Hatukufanya karamu wala hotuba. Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa Mtendaji, tukaandika makubaliano mbele ya mashahidi: njia ni ya nyumba zote mbili na ya watakaozirithi, hakuna atakayeifunga, na gharama ya kuijenga na kuitunza ni nusu kwa nusu. Nakala tatu, moja kwake, moja kwangu, na moja ikapelekwa ofisi ya barabara.

Ruhusa ilikuja mwezi wa Septemba, nayo ilikuwa na masharti. Nayataja, maana yana akili ndani yake. Mtaro usizibwe: tulaze makalavati ya zege yenye kipenyo cha sentimeta 60, chini yake kulingane na sakafu ya mtaro, na mwanzo na mwisho tujenge kuta za mawe ili udongo usiporomoke. Njia iwe na upana wa mita 6 mdomoni, ili motokaa inayoingia isiingoje barabarani ile inayotoka. Ikutane na barabara kwa pembe mraba, si kwa mshazari, ili dereva atazame pande zote mbili bila kugeuza shingo kama bundi. Kutoka ukingoni mwa lami njia ishuke kidogo kuelekea kwetu, ili maji na tope la kwetu lisimwagike barabarani. Tena iwekwe kokoto, magurudumu yasipeleke udongo juu ya lami, maana tope juu ya lami ni kama sabuni. Lango, kama tunalitaka, likae nje ya hifadhi na lifunguke kwa ndani, ili anayengoja kufunguliwa asisimame na mkia wake barabarani. Na ndani tuache nafasi ya kugeuza, kila motokaa itoke kwa mbele, isirudi nyuma kwenye barabara kuu.

Barua ilisema pia kwamba siku barabara ikipanuliwa, kazi yetu iliyomo katika hifadhi haitalipwa. Tulilisoma neno hilo mara mbili, tukakubali. Tunapita katika ardhi ya watu wote. Siku watu wote wakiihitaji, haki ni yao.

Tulijenga mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Upande wetu tuliuza magunia ya mahindi kupata makalavati na saruji. Jirani alitoa mawe na ng'ombe wa kuvuta mkokoteni. Vijana wa nyumba mbili walichimba. Mvua ya kwanza ilipokuja tulisimama wote wawili mtaroni na miavuli kutazama. Maji yaliingia upande mmoja wa kalavati, yakatoka upande wa pili, yakaenda zake. Kila mwezi wa Novemba tunazibua mchanga na majani, maana kalavati lisilosafishwa halina tofauti na vifusi vya yule mwenye mbao.

Mama watoto sasa hupandia motokaa mlangoni. Nyonga haijapona, wala madaktari hawakuahidi kwamba itapona. Lakini haendi tena hospitali huku akihofia uhai wa mwanawe, na Jumapili pikapu hupita kwa jirani kumchukua yeye na mkewe.

Ninyi mnaokusudia kujenga kando ya barabara kuu, haya ndiyo ninayowashauri. Kabla ya kununua kiwanja, nendeni mkachuchumae ukingoni mwa barabara, pale mtakapotaka kutokea, mtazame kilima, kona, miti na ua. Hesabuni polepole tangu lori linapoonekana mpaka linapowafikia. Msipofika saba, tafuteni mahali pengine, hata kama bei ni nafuu na mahali panapendeza. Pimeni mita 30 tangu katikati, msijenge ndani yake. Andikeni barua mapema, wakati wa kiangazi, maana haja ikiwa kubwa mtu husikiliza vishoka. Wapimaji wakija, waulizeni sababu ya kila neno. Akili ya kazi yao ni rahisi, na mtu aliyeielewa huitunza njia yake bila kulazimishwa.

Na kama kati yako na jirani pana ua mrefu, uutazame vizuri. Ninyi wawili mmezoea kuuona kama mpaka. Dereva anayeshuka kilimani usiku anauona kama giza, na mtoto wa mmoja wenu yuko nyuma yake.